Malalamiko ya Mvuta Kamba wa Trekta la Galu

Galu,
kwa njia ya Ukunda.

Kwa Bwana Afisa wa Zana za Kilimo,
Kwale.

Ndugu Afisa,

Barua hii ikikukuta mzima nitamshukuru Mungu. Ikikukuta unaumwa, nakuomba uisome kwanza ndipo urudi kitandani, kwa sababu jambo lenyewe halingoji. Mimi si mtu wa kusumbua wakubwa. Tangu bendera yetu ipande sijaiandikia serikali hata mstari mmoja, na kwa hilo natofautiana na majirani zangu wengi, ambao huandika hata wakikosa usingizi tu. Lakini safari hii nimefikwa. Kunyamaza nimejaribu, nimeshindwa.

Hunijui, kwa hivyo nitajieleza. Mimi ni Chirau bin Kavumbi, Mvuta Kamba wa trekta la Chama cha Wakulima wa Galu. Au tuseme nilikuwa. Trekta lenyewe huenda umelisikia, kwa kuwa sauti yake hufika mbali kuliko lenyewe. Ni lile dogo la kijivu ambalo mzungu mmoja mwenye shamba aliliacha bandani alipofunga virago mwaka ule wa uhuru. Tulilikuta kuku wametagia kitini. Mbele lina mikono miwili ya chuma inayopanda na kushuka kwa nguvu ya mafuta, na mwishoni mwa mikono hiyo lina beleshi kubwa la kuchotea mchanga, samadi, kifusi, na siku moja, kwa bahati mbaya, jogoo wa Bi Jumwa.

Kupanda na kushuka trekta lilijua. Kumwaga halikujua. Beleshi lilishikwa na komeo, na kwenye komeo ilifungwa kamba, na kamba ilitaka mtu. Dereva huendesha, mtu huvuta, komeo hufyatuka, beleshi huanguka mdomo chini na mzigo wote humwagika. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilichaguliwa mkutanoni mchana kweupe, kwa mikono iliyoinuliwa, na hakuna aliyenipinga isipokuwa dada yangu.

Dereva ni Salimu. Salimu ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu huyo, Mwanapili. Mimi Mungu hakunijalia mtoto, na sikunung'unika, kwa kuwa kwa desturi yetu ya zamani sisi Wadigo, mpwa ndiye mrithi wa mjomba wake. Taabu ni kwamba sina mali. Nyumba yangu ni ya makuti, na makuti yenyewe ni ya mwaka juzi. Nilichokuwa nacho cha kumwachia Salimu kilikuwa ile kamba, na zile siku zetu za kuzunguka pamoja vijijini, yeye kwenye usukani na mimi nimekaa kando yake juu ya lile bati linalofunika gurudumu kubwa, ambalo sisi twaliita madigadi. Madigadi ya kushoto. Nakuomba ulielewe hili kabla hujasoma zaidi, kwani mengine yote yametoka hapo.

Sasa sikia nilichofanyiwa. Salimu alikwenda Mombasa kwa baraka za Mwenyekiti wetu, Bwana Fondo, akarudi na silinda za chuma, mipira ya kupitishia mafuta, na kitu kinachoitwa vali, vyote vimetolewa kwenye mitambo iliyokufa. Akajifungia bandani na spana zake. Mimi nikaambiwa, Mjomba pumzika, nitakuita likiwa tayari. Nikapumzika. Alipolitoa nje, kamba haikuwepo. Sikungoja kuelezwa. Niligeuka nikaenda zangu nyumbani, na tangu siku hiyo sijalikaribia trekta hilo, wala sitaki litajwe kwenye ua wangu. Dada yangu alikuja na maneno ya Salimu, nikamwambia ayarudishe kama alivyoyaleta.

Nalitazama nikiwa barazani kwangu, na nilichokiona chatosha. Kila asubuhi Salimu hulileta hadi mlangoni, hulisimamisha likinguruma, hungoja, kisha huondoka. Nadhani ni kunikoga. Mimi hukohoa kwa nguvu ili ajue kwamba nipo na kwamba siendi.

Malalamiko yangu nimeyapa nambari ili yasikuchanganye.

1. Kumwaga kumekosa adabu. Zamani beleshi likimwaga, Galu nzima ilijua. Mchanga ulianguka kwa kishindo, vumbi likapanda, na kina mama kisimani wakaambiana kwamba kazi imeanza. Sasa Salimu hugusa kitu kwa vidole tu, beleshi likainama polepole, na mchanga ukashuka kama sukari kwenye chai ya mgeni. Aliye ndani ya nyumba hawezi kujua kama maendeleo yamefika au bado. Wakubwa hutuambia kwamba maendeleo yaonekane. Mimi nasema yasikike pia, kwa ajili ya wazee wenye macho mabovu. Tena kila anapomwaga, Salimu hujipinda mwili mzima upande wa kushoto hadi nusura aanguke kitini. Sijui ndio mtindo wa Mombasa. Zamani alikaa wima kama dereva wa watu.

2. Kamba yenyewe imedhalilishwa. Hiyo haikuwa kamba ya dukani. Dada yangu Mwanapili alifukia makumbi ya nazi matopeni hadi yakalainika, akayafukua, akayapiga, akayasokota kwa mikono yake, kamba nene ya kazi moja tu duniani. Leo imefungwa shingoni mwa mbuzi wa Bwana Fondo. Kila siku mbuzi huyo hupita mbele ya baraza langu akiburuta cheo changu mchangani, na akifika usawa wangu husimama akanitazama. Nimemlalamikia dada yangu, akajibu kwamba kamba ni kamba, na kwamba mbuzi hamchoshi mtu kwa maneno. Nimemsamehe kwa kuwa ni mkubwa wangu.

3. Nafasi yangu ya pili amepewa pipa. Huenda hukujua kwamba nilikuwa na nafasi mbili. Trekta dogo likibeba mzigo mzito mbele, nyuma huwa jepesi, na matairi makubwa huanza kukanyaga hewa. Kwa hivyo lahitaji uzito. Uzito huo, kwa kiasi chake, nilikuwa mimi. Likianza kuinuka, nilirukia nyuma na kulikalia hadi litulie. Sasa kwa kuwa mbele pameongezwa machuma, Salimu amening'iniza nyuma pipa lililojaa mchanga. Sina ugomvi na pipa. Lakini nauliza, je, pipa laweza kuamkia watu?

Hili si dogo, Bwana Afisa. Dereva hasikii kwa sababu ya mngurumo, na macho yake yako kazini. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoa salamu. Kutoka Galu hadi Ukunda hakuna mzee aliyepitwa bila shikamoo, hakuna mgonjwa aliyepitwa bila kuulizwa hali, na kama kulikuwa na msiba, nilivua kofia yangu na Salimu akapunguza moto. Sasa trekta lapita kimya. Watu wanasema kwamba Chama kimeota mapembe. Bi Jumwa, ambaye ni mjane na mtu wa kuheshimiwa, amepitwa akiwa amesimama mlangoni kwake na mkono ameshauinua. Tangu hapo amekataa kuhudhuria mikutano. Salimu si mtoto mwenye kukosa adabu, nimemlea mwenyewe. Ni kwamba hawezi kuendesha, kuminya vali na kuuliza watoto wa watu wameamkaje, vyote kwa pamoja. Wala pipa halimsaidii.

4. Makucha. Baada ya beleshi kuinamishwa kwa mafuta, Salimu hakutosheka. Alitengeneza makucha ya chuma, akayafunga juu ya beleshi, nayo kwa nguvu ile ile ya mafuta hufunguka na kufumba. Hushika gogo la mnazi, yakalinyanyua, yakalipeleka linakotakiwa. Kila mtu alipiga makofi. Mimi nilibaki barazani.

Nilibaki kwa sababu niliona kilichokuwa kinakufa. Mnazi ukianguka, sisi hutoka kwa mweria, yaani kijiji kizima humsaidia mwenye kuangukiwa. Wanaume hubeba, wanawake hupika mihogo kwa nazi, na nyimbo huimbwa ambazo siwezi kuziandika kwenye barua ya serikali. Ulikuwa ndio wakati wa kupatanisha watu. Kuna ndugu wawili hapa, Randu na Tembo, waliogombana juu ya mpaka wa bustani ya mchicha. Hawakuwa wakisemezana. Lakini sisi tuliwaweka kila mmoja upande mmoja wa gogo, na huwezi kubeba gogo na mwenzio bila kumwambia inua, na ngoja, na tua. Maneno hayo matatu yaliwatosha kwa miaka. Walikuwa njiani kufikia neno la nne. Makucha yalipokuja, hayakuhitaji kuambiwa inua wala tua, na Randu na Tembo wamerudi kwenye kimya chao. Viongozi wetu hutuhimiza harambee. Makucha yale hufanya harambee peke yake.

5. Keekee. Hapa ndipo nakuomba uvue miwani uifute.

Fundi seremala akitaka kutoboa ubao hutumia keekee. Salimu ametengeneza keekee ya kutoboa ardhi, ndefu kama mtu, huzungushwa na mafuta kupitia mipira miwili, na hushuka mchangani ikatoka na shimo lililo tayari kwa mche wa mnazi. Huenda wewe ni mtu wa bara, kwa hivyo nitakueleza jambo ambalo huku hata mtoto analijua. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Shamba laweza kuwa la Bi Jumwa, na minazi iliyosimama ndani yake ikawa ya mtu mwingine kabisa, kwa sababu huyo ndiye aliyechimba shimo, akatia chumvi na jivu, akapanda. Aliyechimba ndiye mwenye mnazi, yeye na warithi wake, hata ardhi iuzwe mara ngapi.

Sasa keekee imetoboa mashimo kutoka ukingo wa barabara hadi karibu na msikiti, na miche imeshatiwa. Nikauliza, nani amechimba? Salimu, kwa maneno niliyoletewa, asema yeye alikaa tu kitini. Bwana Fondo asema Chama ndicho kilichochimba. Lakini Chama ni jina, Bwana Afisa, na jina halitoki jasho. Waliotia miche ni watoto wa shule, na mtoto hana mnazi. Nimelichunguza jambo hili kila upande, na sikupata jibu jingine. Aliyeingia ardhini na kutoka na udongo ni trekta. Basi trekta lina minazi, tena mingi kuliko mtu yeyote hapa Galu.

6. Mwenye mali hufa, na trekta hili halina siku nyingi. Ni kuukuu. Pampu yake ya mafuta ilizaliwa kwa kazi moja, kuinua na kushusha, na leo imepewa nne. Keekee ikizunguka, mikono haipandi. Mikono ikipanda, makucha hulegea. Jua likiwa kali mafuta huchemka, mipira hutokwa na jasho kwenye viungio, na sauti ya injini hubadilika ikawa ya kuomba ruhusa. Naijua hali hiyo. Ni vibaya kumtwika mzee kazi za vijana kisha mkaulizana kwa nini anakohoa.

Likifa, nani atarithi minazi? Kwa sheria ya dini, mali huenda kwa watoto. Lakini beleshi, makucha na keekee si watoto wa trekta hili. Ni wa kulea. Wengine wametoka kwenye matumbo ya mitambo mingine, na mtoto wa kulea harithi. Basi tunarudi kwenye desturi yetu ya ujomba, ambapo mali huenda kwa watoto wa dada. Na dada yupo. Kule Tiwi wana trekta la aina hiyo hiyo, kijivu kile kile, kiwanda kile kile, na nasikia lilishuka bandarini siku moja na hili letu. Huyo ni dada, hakuna ubishi. Na dada huyo ana trela.

Natumaini umeona tunakoelekea. Siku trekta letu likikata roho, trela la Tiwi litakuwa mmiliki halali wa minazi ya Galu. Watu wa Tiwi watashuka na wakwezi wao mchana, wataangua nazi zetu mbele ya macho yetu, na hatutakuwa na la kusema, kwa sababu ni haki yao. Haya yote yameletwa na mipira miwili ya mafuta. Nilimwendea maalim wa msikiti wetu nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akaniambia nirudi nyumbani, nikae kivulini, ninywe maji. Nikajua swali limemshinda.

7. Uchaguzi. Kanuni ya Chama chetu yasema kwamba mwenye minazi ni mwanachama, na kila mwanachama aweza kusimama. Sasa trekta ni mwanachama, na mwenye minazi mingi kuliko wote. Mwaka huu tunachagua Mwenyekiti. Bwana Fondo ni rafiki yangu na simsemi vibaya, ila trekta likisema litakuja asubuhi, huja asubuhi. Halijapata kulala mkutanoni. Halina mbuzi. Nimewasikia watu wakizungumza, na kwa hesabu zangu Bwana Fondo hatapita. Ndipo tutakapokuwa na Mwenyekiti anayekunywa mafuta ya Chama hadharani bila mtu kumshitaki, na mpwa wangu atakuwa ndiye anayemwendesha, na mimi nitakuwa mjomba wa dereva wa Mwenyekiti. Ni cheo kizuri, lakini hakina kazi yoyote.

Hayo ndiyo malalamiko. Yapo mengine kuhusu harufu.

Maombi yangu ni haya. Naomba utoe amri kwamba vali, silinda, mipira, makucha na keekee viondolewe vyote na kupelekwa Tiwi, ili wenye kurithi wawe wamesharithi machuma na watuachie minazi yetu. Naomba komeo la zamani lirudishwe. Naomba mbuzi wa Bwana Fondo afungwe kwa kamba nyingine. Ikiwa serikali itaona kwamba kamba hiyo imeshakuwa ya mbuzi kwa mazoea, dada yangu atasokota nyingine, nimeshamuuliza kwa kuzunguka.

Na ikiwa hayo yote hayawezekani, kwa kuwa najua serikali yapenda mitambo, nina ombi moja dogo, nalo naliandika taratibu. Waache mafuta yao. Waache vali yao. Lakini waambie wairudishe kamba, hata kama haikufungwa kwenye kitu chochote. Mimi nitakaa palepale pangu. Salimu akiminya vali yake, mimi nitavuta kamba yangu, na beleshi litainama, na watu wa barabarani hawatajua tofauti. Mimi nitajua, lakini sitasema.

Kwa sababu inauma, Bwana Afisa. Sitakuficha. Nilimfundisha kijana huyo kuogelea, nikamfundisha kusoma, nikamshika mkono siku ya kwanza ya skuli alipokuwa analia. Miaka yote hii tulikuwa wawili juu ya chuma hicho. Sikutaka kulipwa chochote wala kusifiwa. Nilitaka tu pawe na kitu ambacho Salimu hawezi kukifanya mpaka mimi niwepo.

Nisalimie wote walio hapo ofisini, makarani na matarishi, na mama wa nyumbani kwako pamoja na watoto, nami nawaombea mvua za kiasi. Nisalimie pia yule bwana wa mizani aliyekuja kwetu mwaka jana akaugua tumbo. Mwambie mihogo haikuwa na makosa. Dada yangu anakusalimu ingawa hajui kama naandika. Bi Jumwa angekusalimu kama angesalimiwa kwanza. Mbuzi simpi nafasi katika salamu zangu.

Nikiwa nangoja neno lako kwa subira niliyobaki nayo,

Chirau bin Kavumbi,
Mvuta Kamba.

Nyongeza. Haya nayaandika kwa penseli, nimekaa barazani pa ofisi yako, kwani karani wako amesema umekwenda kula.

Barua kama hii haitiwi posta, hupelekwa kwa mkono, na aliyekuwa anakuja Kwale leo alikuwa Salimu peke yake, kuchukua mbegu za Chama. Nikapanda, kwa sharti kwamba tusizungumze. Njiani tulisimama Tiwi, kwa sababu alikuwa ameahidi kuwasambazia kifusi uwanjani pa zahanati yao. Akachota, akainua mikono ya trekta juu, kisha akatulia. Watu wa Tiwi wakatazama. Mimi pia nikatazama. Nilidhani mtambo umekufa, na sitaficha kwamba nilifurahi kidogo. Halafu, bila kugeuka, akasema, Mjomba, watu wanangoja.

Nikamuuliza wanangoja nini. Akanionyesha kwa kidevu. Pembeni mwa goti langu, kwenye madigadi ya kushoto, pamefungwa mkono mdogo wa chuma wenye kirungu cheusi. Huo ndio unaoinamisha beleshi. Hakuna mwingine. Siku zote hizi akiwa peke yake amekuwa akijinyoosha kutoka kitini kwake hadi aufikie.

Niliuvuta. Hauhitaji nguvu, Bwana Afisa. Beleshi likainama, nikaachia, likasimama hapohapo, nusu ya kifusi chini na nusu bado ndani. Kamba haikuweza hivyo. Kamba ilikuwa yote au basi. Nikamwaga kidogo hapa na kidogo pale hadi uwanja ukalingana, na katikati ya kazi nikawaamkia wazee wote waliokuwepo, na bibi mmoja akauliza huyu fundi ametoka wapi. Bega langu la kulia, ambalo limekuwa likiniuma tangu mvua za masika na sikumwambia mtu hata mmoja, halikuniuma.

Kwa hivyo naomba usiondoe kitu. Makucha yabaki, na Randu na Tembo tutawatafutia njia nyingine. Watu wa Tiwi ni watu wema, walitupa madafu, na wakirithi minazi michache sioni ubaya. Barua hata hivyo naiacha kwa karani wako, kwa sababu nimeiandika kwa jioni nyingi na Kiswahili chake ni kizuri. Isome kwa ajili ya lugha. Na kama mna vali nyingine stoo, tupatieni, mkono wa makucha nao uje upande wangu.

Tulipokuwa tukipanda kilima cha kuja huku nilivunja sharti langu. Nilimuuliza Salimu kwa nini mkono ule ameufunga upande wangu, asiufunge upande wake yeye dereva. Alisema upande wake hapakuwa na nafasi. Nimekaa juu ya trekta hilo miaka yote hii, Bwana Afisa. Upande wake nafasi ipo tele.